Saini Iliyolegea: Istilahi za Ujalidi na za Upelelezi katika Tafsiri ya Riwaya

Mfasiri mmoja alituletea sura mbili za riwaya ya upelelezi aliyokuwa akiitafsiri kutoka Kiingereza, akatuomba tumsaidie kuhakiki istilahi zake. Mhusika mkuu wa riwaya hiyo ni mwanamke ambaye kazi yake ni kutengeneza vitabu vya zamani vilivyoharibika, na ambaye hujikuta, pasipo kutaka, akichunguza mauaji. Katika ukurasa wa tatu wa tafsiri tulikuta sentensi iliyoeleza kwamba saini ya tatu ya kitabu ilikuwa imelegea, na kwamba mbweha walikuwa wameenea katika kurasa zake za mwanzo.

Tulicheka, na bila shaka wasomaji wetu nao watacheka. Lakini mfasiri alipotueleza jinsi hadithi inavyokwisha, kicheko kilitukauka. Kule kulegea kwa hiyo inayoitwa "saini" ndiko kunakomfichua mwuaji. Msomaji wa Kiingereza ameonyeshwa jambo hilo mapema, akaachiwa alitafakari. Msomaji wa Kiswahili angetafuta ni nani aliyetia saini kitabuni, na kwa nini, na angeitafuta saini hiyo hadi ukurasa wa mwisho asiipate, kwa sababu haikuwapo. Mfasiri alikuwa ameingiza katika hadithi dalili ya uongo ambayo mtunzi hakuitia, na papo hapo ameifuta dalili ya kweli.

Tuseme kwa haki kwamba mfasiri huyu hakuwa mzembe. Alifungua kamusi na kuchukua maana ya kwanza aliyoiona. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa jina analoandika mtu kuthibitisha hati na kwa fungu la karatasi zilizokunjwa na kushonwa pamoja ili kuwa sehemu ya kitabu. Kadhalika, madoa ya rangi ya kahawia yanayotokea katika karatasi kuukuu huitwa kwa neno lililotokana na jina la mbweha. Kosa ni letu pia, sisi tunaoshughulika na istilahi. Tumetoa orodha za maneno ya kilimo, ya benki, ya uhandisi na ya utawala. Lakini fundi anayeshona kitabu, chombo ambacho sote tunakitumia kila siku, hatukumkumbuka.

Riwaya za namna hii si chache. Mfano mmoja unaojulikana sana ni mfululizo ulioanzishwa na mwandishi wa Marekani, Kate Carlisle, kwa kitabu chake Homicide in Hardcover kilichotolewa mwaka 2009. Shujaa wake, Brooklyn Wainwright, ni mjalidi wa San Francisco aliyebobea katika vitabu adimu. Katika kitabu hicho cha kwanza anamkuta mwalimu wake wa zamani, Abraham Karastovsky, akiwa katika hali ya kukata roho ndani ya maktaba moja, na kazi ya kukarabati nakala ya thamani kubwa ya Faust ya Goethe inamwangukia yeye. Na shuku vilevile zinamwangukia yeye. Katika vitabu vilivyofuata ufundi wake unampeleka kwenye maonyesho ya vitabu mjini Edinburgh, kisha kwenye darasa la ujalidi, na kila aendako kuna kitabu cha zamani na maiti mpya.

Mtu anaweza kuuliza: je, hadithi za kujiburudisha kama hizi zastahili kushughulisha ofisi ya istilahi? Twajibu kwamba zastahili, pengine kuliko vitabu vingi vyenye sura ya uzito. Mwaka 1929 padri wa Kiingereza Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi za upelelezi, alitunga kanuni kumi za uandishi huo. Mojawapo yadai kwamba kila dalili anayoipata mpelelezi ionyeshwe msomaji papo hapo. Maana yake ni kuwa baina ya mtunzi na msomaji pana mapatano: msomaji apewe kila alichonacho mpelelezi, kisha washindane kwa akili. Mpelelezi anapokuwa mkarabati wa vitabu, dalili zake ni ngozi, uzi, gundi na karatasi. Istilahi za ufundi huo basi si mapambo ya hadithi. Ni ushahidi wenyewe. Mfasiri anayeziborongaborongea amevunja mapatano ambayo hakuyafunga yeye.

Wala hayo si mambo ya kubuni tu. Mwaka 1934 wauza-vitabu wawili vijana wa Uingereza, John Carter na Graham Pollard, walitoa kitabu kilichoutikisa ulimwengu wa wakusanyaji vitabu. Walichunguza vijitabu kadhaa vya washairi wa karne ya 19 vilivyokuwa vikiuzwa kwa bei kubwa kama matoleo ya kwanza kabisa. Kimojawapo kilikuwa cha soneti za Elizabeth Barrett Browning, nacho kilidai kupigwa chapa mjini Reading mwaka 1847. Wachunguzi hao hawakuanza na mashairi. Walianza na karatasi. Walipoipima kwa hadubini waliona kwamba imetengenezwa kwa rojo la mbao lililopikwa kwa kemikali, na karatasi ya namna hiyo haikutumika Uingereza kabla ya mwaka 1874. Vijitabu vingine vilikuwa na nyuzi za nyasi ziitwazo esparto, ambazo zilianza kutumika huko mwaka 1861, ilhali tarehe zilizopigwa chapa juu yake ni za kabla ya hapo. Kabla ya nyasi na mbao, karatasi ilitengenezwa kwa matambara. Ushahidi ulimwelekea mkusanyaji mashuhuri na mwenye kuheshimiwa sana, Thomas J. Wise, ingawa waandishi hao hawakumtamkia waziwazi kwamba ndiye mghushi. Wise alifariki mwaka 1937.

Sasa na tufikiri mfasiri angetafsiri habari hiyo na kuandika "karatasi" mahali pote, pasipo kutofautisha karatasi ya matambara, karatasi ya nyasi na karatasi ya rojo la mbao. Kisa kizima kingeporomoka.

Tuliketi, basi, na yule mfasiri, tukakichukua kitabu kimoja kikuukuu cha ofisini kilichokuwa kimekwisha kufunguka, tukakichambua kipande kwa kipande. Yafuatayo ni mapendekezo yaliyotokana na kikao hicho na vingine viwili. Hayajasanifiwa; yanatolewa ili yajadiliwe.

Neno lililotupa taabu kuliko yote ni jalada. Neno lenyewe ni letu tangu zamani, pamoja na kitenzi chake kujalidi, nalo limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya ngozi. Ufundi wenyewe pia haukuwa mgeni pwani yetu: mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika katika karne za 18 na 19 kwa wanazuoni wake, kwa wanakili wa misahafu na kwa kazi za ngozi. Hivyo mtu anayesema kwamba Kiswahili hakina asili ya maneno ya ujalidi hajatazama nyuma vya kutosha. Taabu ni kwamba katika polisi na mahakama zetu jalada limekuwa ni mkusanyiko wa hati za shauri. Twasema jalada la kesi, jalada limefunguliwa, jalada limepotea. Katika riwaya ambamo mjalidi na polisi wamo katika chumba kimoja, sentensi kama "Inspekta aliondoka na jalada" haina maana moja. Je, amechukua kielelezo, au amechukua makaratasi yake mwenyewe?

Tulikubaliana kwamba katika tafsiri za namna hii jalada liachiwe kitabu, kwa kuwa ndiko lilikoanzia, na mafungu ya hati za polisi yaitwe faili, neno ambalo kila karani analijua. Au, pakiwa na lazima, jalada la kesi, pasipo kukata mkia wake. Vipande viwili vigumu vya mbele na nyuma viitwe mbao za jalada, hata kama siku hizi ni vya karatasi nzito. Sehemu inayoonekana kitabu kikiwa rafuni ni mgongo. Kwa ile karatasi yenye picha inayovishwa juu ya jalada, mmoja wetu alipendekeza kanzu ya kitabu, nasi tulivutiwa, mpaka tulipokumbuka kwamba askari kanzu atakuwa anapita katika kila sura. Tumebaki na karatasi ya kufunikia jalada. Ni ndefu, lakini haimkwazi mtu. Mfasiri asiipuuze: kwa wakusanyaji wa vitabu vya karne ya 20, nakala iliyobaki na karatasi hiyo huweza kuwa na thamani mara nyingi zaidi ya ile iliyoipoteza, na watu wa riwayani wameuana kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Tuje kwenye "saini". Mpiga chapa huchukua karatasi kubwa akaikunja. Akiikunja mara tatu hupata karatasi ndogo 8, yaani kurasa 16. Fungu hilo hushonwa kwa uzi kupitia katikati ya kunjo lake, kisha mafungu hayo huunganishwa moja baada ya jingine mpaka kitabu kitimie. Fungu hilo tumeliita mkunjo. Neno hili laeleza jinsi kitu kilivyofanyika, nalo halina kazi nyingine katika nyumba ya vitabu. Mkunjo wa tatu umelegea: msomaji anaona mara moja kwamba uzi umekatwa au umeshonwa upya, na kwamba huenda mtu alitia au alitoa kitu humo.

Hapa tuongeze jambo dogo ambalo lina madhara makubwa. Katika mazungumzo twasema "ukurasa umechanwa". Haiwezekani kuchana ukurasa mmoja. Kinachochanwa ni karatasi, na karatasi ina kurasa mbili, upande huu na upande ule. Zaidi ya hayo, karatasi hiyo imeungana na mwenzake upande wa pili wa mshono. Ukiiondoa moja, mwenzake hubaki haina mshiko. Mkarabati akihesabu mkunjo wa karatasi 8 akapata 7, anajua kwamba moja imekatwa, na anajua atazame wapi ile iliyobaki mjane. Mfasiri aliyeandika kurasa 7 amemfanyia msomaji hesabu isiyowezekana.

Ndani ya jalada imegandishwa karatasi inayoficha ubao na ncha za ngozi. Hapa ndipo watunzi hupenda kuficha wosia, barua na ramani, wala si uzushi mtupu, maana wajalidi wa kale wa Ulaya walizoea kutumia vipande vya miswada iliyotupwa kuimarishia majalada, na wataalamu wameokota humo maandishi ambayo hayakupatikana kwingine. Tulihangaika na "karatasi ya mwisho", ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno na ambayo yaweza kuwa ya mwanzo pia! Ndipo mpiga taipu wetu, ambaye mumewe ni fundi cherehani, aliposema: hiyo si ni bitana? Tangu hapo hatukutafuta zaidi. Bitana ya jalada ni istilahi iliyokuwa ikitungoja dukani kwa mshonaji. Kwa njia hiyohiyo tumependekeza taraza kwa ule ukingo mwembamba wa nyuzi za rangi unaoshonwa juu na chini ya mgongo. Yaelekea msamiati wa mavazi utatufaa kwa mengi zaidi, kwa sababu mjalidi naye ni mshonaji.

Wale mbweha tumewageuza kuwa madoa ya kutu. Yasichanganywe na koga, ambayo ni ule utando wa ukungu tunaoujua sote tuishio penye unyevu, na unaofutika. Wala na matundu ya wadudu. Madoa ya kutu huingia ndani ya karatasi yenyewe. Mambo matatu hayo yana sababu mbalimbali, na mpelelezi huyatofautisha ili ajue kitabu kilikaa wapi.

Ama kuhusu jina la fundi mwenyewe, mjalidi ni yule anayefunga vitabu, vipya au vya zamani. Anayekirudishia kitabu kikuukuu uzima wake tumemwita mkarabati wa vitabu. Tulilikataa neno mtengenezaji, ijapokuwa ndilo linalosemwa na wengi, kwa sababu kutengeneza ni kuunda na pia ni kurekebisha. Na katika hadithi ambamo kuna mghushi, tofauti ya yule aliyekirekebisha kitabu na yule aliyekiunda ndiyo tofauti ya asiye na hatia na mhalifu. Vivyo hivyo, adimu si kale. Kitabu chaweza kuwa na umri wa miaka 300 na kikapatikana kila mahali. Kingine kina miaka 60 na nakala zake zahesabika kwa vidole.

Jambo moja la ufundi huu latakiwa lieleweke kabla ya kutafsiriwa. Mkarabati mwema hafanyi kitu ambacho mwingine hataweza kukitengua. Ndiyo maana hupenda gundi ya wanga, ambayo hulainika kwa maji hata baada ya miaka mingi, na karatasi nyembamba ya Kijapani kwa kuziba mipasuko. Tumependekeza kivumishi tenguzi kwa sifa hiyo: gundi tenguzi, mshono tenguzi. Akikuta gundi ya kisasa isiyotenguka chini ya ngozi ya karne ya 18, mkarabati anajua kwamba mkono mwingine umepita hapo, na si zamani. Sentensi isemayo tu "aliona gundi" haisemi kitu.

Tukigeukia upande wa upelelezi, maneno yapo mengi; kazi ni kuyagawia zamu. Riwaya za Kiswahili zenyewe zimetusaidia. Inspekta Wingo, katika Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), ni ofisa wa polisi. Huyo ni kachero, na askari wake wasiovaa sare ni askari kanzu. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona (1974), hutumwa kwa siri kwa ajili ya usalama wa nchi. Huyo yuko karibu zaidi na jasusi, ingawa neno hilo huwa tunawawekea wale wa upande wa adui. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyekutana naye kwanza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hana cheo wala mshahara wa upelelezi. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana akili. Brooklyn Wainwright ni wa kabila la Bwana Msa. Kwa watu kama hao tumeazima neno la viwanjani: kama kulivyo na mchezaji wa ridhaa, basi kuwe na mpelelezi wa ridhaa.

Lipo pia jina la aina yenyewe ya riwaya. Kwa Kiingereza huitwa kwa neno la ujotojoto, kwa kuwa katika nchi za baridi raha ni kuketi karibu na moto na blanketi magotini. Yule mfasiri alikuwa ameandika "upelelezi wenye joto". Katika jua la Dar es Salaam mwezi wa Februari, hakuna atakayeona raha katika jina hilo. Sifa za riwaya hizi ni kwamba mauaji hutokea nje ya macho yetu, damu haielezwi kwa kirefu, watu wanajuana kama majirani, na siri hufumbuliwa kwa mazungumzo kuliko kwa bastola. Tukajiuliza: sisi huketi wapi kwa raha, tukazungumza habari za majirani, kikombe cha kahawa mkononi? Jibu lilitupa upelelezi wa barazani. Wapo waliotuonya kwamba wasomaji watadhani ni upelelezi unaofanywa na Baraza letu hili. Twawahakikishia kwamba hatuna uwezo huo.

Kuna maneno mawili ambayo watumishi wa serikali watatusamehe tukiyasisitiza, maana yanavuka mipaka ya riwaya. Mshtakiwa ni mtu aliyekwisha kufikishwa mahakamani. Mtuhumiwa ni yule ambaye polisi au wenye mamlaka wamemhusisha na kosa. Lakini katika upelelezi wa barazani mara nyingi mpelelezi anamtilia shaka muuza-vitabu wa jirani moyoni mwake tu, na hakuna aliyemtuhumu. Huyo ni mshukiwa, neno ambalo ndugu zetu wa Kenya wanalitumia sana nasi twaliona linafaa lipewe zamu yake. Kumwita mtuhumiwa mtu ambaye amefikiriwa tu si haki hadithini, na tumeona katika barua rasmi kwamba si haki nje ya hadithi pia.

Hali kadhalika, kidokezo na dalili visishikane mikono. Kudokeza ni kazi ya mtu anayetaka ujue. Jirani anapoponyokwa na neno kwa makusudi, hicho ni kidokezo. Uzi mpya katika mkunjo wa zamani haudokezi. Wenyewe upo tu. Huo ni dalili. Ukichukuliwa na kuwekwa mbele ya hakimu huwa kielelezo. Na ile alama aliyoiacha mwuaji ili kumpoteza mpelelezi tumeiita dalili danganyifu.

Bado hatujapata neno la kile kifaa cha mfupa ambacho mjalidi hukitumia kukandamizia kunjo la karatasi, wala la zile kamba zinazofanya matuta katika mgongo wa kitabu cha ngozi. Wasomaji wa Lamu, Pate, Unguja na Pemba, hasa wenye wazee waliowahi kujalidi misahafu kwa mkono, tunawaomba watuandikie majina waliyoyasikia, hata kama wanayakumbuka nusunusu.

Na kuna majina ya vitabu. Watunzi hawa hupenda kuchezea maneno katika majina, na mchezo huo aghalabu hufia njiani. Yule mfasiri alituuliza tungefanyaje na kile kitabu cha kwanza cha Carlisle. Baada ya kutumia karibu saa nzima kumkataza asilitumie neno jalada kwa maana mbili, tulijikuta tukimwandikia katika karatasi: Mauaji Jaladani. Humo mna ngozi ya kitabu na mna faili la polisi, vyote viwili kwa mara moja, na Kiingereza chenyewe hakikuwa na hilo la pili. Aliitazama karatasi, akatutazama, akauliza kama kanuni yetu haikuwa imevunjwa tayari na walioitunga. Tulimjibu kwamba kanuni ile ni ya ndani ya kitabu, na jina huandikwa nje.